Karatasi ya Kukataa

Shamba la Terhaar
Kaunti ya Stearns, Minnesota
25 Januari 1993

Dada Odelia,

Salamu utazikuta chini kabisa. Nina jambo, na nikianza na salamu nitaishiwa na ujasiri.

Mashine imekuja. Ni sanduku la ukubwa wa jiko la Mama, lina mipira miwili minene ya hewa inayoingia kwenye kizibao. Navaa kizibao, nafunga vifungo, nakanyaga pedali. Kinajaa upepo na kunitikisa kifua mpaka meno yanagongana. Ukiniuliza jina langu wakati huo najibu kama mbuzi. Baba alikuja kutazama siku ya kwanza, akasimama mlangoni na mabuti yake ya zizini, akasema trekta ya babu ilikuwa ikitikisika vile vile na hakuna kampuni ya bima iliyomlipa mtu kuipanda. Dakika kumi natikisika, nasimamisha, nakohoa. Halafu kumi nyingine. Makohozi yanatoka, Odelia. Yale ya chini kabisa upande wa kushoto, ambayo wewe ulikuwa unayahangaikia robo saa nzima, yanapanda yenyewe.

Sasa sikia. Mashine hii si yangu bado. Ni ya majaribio ya siku tisini, na tarehe kumi na mbili Aprili itarudi ilikotoka, kampuni ya bima isipokubali kuilipia. Sisi hatuwezi kuinunua hata tukiuza nusu ya ng'ombe. Na bima wana sharti: mashine ni kwa mgonjwa ambaye nyumbani hana mtu wa kumpiga mgongo. Mwenye mtu, hapewi.

Kosa ni langu. Nilipojaza fomu yao mwaka jana waliuliza nani ananihudumia. Nikaandika, na naikumbuka vizuri kwa sababu niliandika kwa mwandiko mzuri: "Dada yangu, asubuhi na jioni, tangu nina miaka mitano. Hajawahi kukosa siku hata moja." Wakanijibu mwezi wa nane kwamba wamefurahi kusikia nina mtu hodari, kwa hiyo mashine haihitajiki. Fomu ile bado iko kwenye faili langu. Nikisema leo sina mtu, wananionyesha maneno yangu mwenyewe.

Bi. Quist, ofisa wa ustawi wa jamii pale kliniki, amenieleza njia. Nimeambatanisha karatasi. Inasema: "Mimi, Odelia Terhaar, nakataa kuendelea kumpiga mgongo ndugu yangu Leander ili kumtoa makohozi, na sitabadili uamuzi huu." Tia saini tu, urudishe. Usiandike kwamba uko masomoni, maana masomo yana likizo na yana mwisho, na watasema tusubiri arudi. Bi. Quist anasema neno wanalolielewa ni moja tu: nakataa.

Ni karatasi tu. Hakuna mtu wa parokiani atakayeiona.

Salamu zenyewe: Mama mzima, Baba mzima, theluji imefika dirishani, na paka wako amehamia kwa jirani bila kuaga. Nashangaa alijifunza wapi tabia hiyo.

Mdogo wako,
Leander


Red Wing
1 Februari 1993

Leander,

Nimeisoma karatasi yako nikiwa nimesimama karakana na gundi mkononi, na gundi ikakauka.

Nakataa? Lini? Nitajie siku. Ulipofikisha miaka mitano daktari alitukalisha wote akasema umezaliwa na ugonjwa wa makohozi mazito, kwamba yasipotolewa kila siku yatakuozesha mapafu. Mikono ya Mama ilikuwa imeshaanza kupinda kwa baridi yabisi. Baba aliondoka kwenda kutazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi ndiye niliyefundishwa na nesi kukunja kiganja kama kikombe, na nikaanza jioni ile ile. Nimekupiga mgongo siku ya Krismasi, siku ya mazishi ya babu, siku nina homa mimi mwenyewe. Leonard Beckering alipochoka kunisubiri nje ya kanisa akaoa mwingine, nilirudi nyumbani nikakulaza kichwa chini kwenye kochi na kukupiga mgongo. Leo nitie saini kwamba nimekataa.

Unasema ni karatasi tu. Haya, mbona usiandike wewe karatasi kwamba umenifukuza? Maana ndicho kilichotokea. Mwezi wa nane, asubuhi, sijamaliza hata upande wa kulia, ukaruka kutoka kwenye kochi na kusema nikuondolee mikono yangu. Ukanitupia kijikaratasi chenye namba ya simu ya chuo hiki cha kutengeneza fidla, ukasema bado wanachukua watu, nenda ukabishe hodi huko kwenye fidla zako. Kwa miaka kumi na minane sikusikia asante hata moja katika nyumba ile. Nikasikia hiyo.

Na sasa nagundua kwamba ulikuwa na asante ya kuandika, kwa mwandiko mzuri, na ukawapelekea watu wa bima.

Sitii saini. Sitasema nilichokifanya sikukifanya. Muhula wangu unaisha Juni. Juni nitarudi na mikono yangu, na mashine yao waichukue wakatikisie matofaa.

Jambo moja unijibu bila mzaha. Kuanzia Septemba mpaka mashine ilipokuja, nani alikuwa anakupiga? Kila barua umeniandikia kwamba ni Mama. Mama hawezi kufungua chupa ya matango ya siki. Na yanayotoka sasa ni rangi gani?

Odelia


Shambani
8 Februari 1993

Odelia,

Rangi gani. Nilijua itakuja. Mimi si kopo la rangi.

Unataka nikuambie jinsi ilivyo? Unaikumbuka siku Marlys Vossberg alipokuja kuuza tiketi za bahati nasibu ya parokia? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama akamkaribisha jikoni, akamkatia keki. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Mimi niko kwenye kochi, makalio juu, kichwa kwenye zulia, na wewe umenikalia ubavuni unanipiga kama mtu anayepiga mto wa vumbi. Sikuweza kukuambia uache kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa. Nikatema. Na wewe, kwa sauti ile yako ya kuita ng'ombe, ukauliza: "Rangi gani?" Marlys alikula keki yote. Alikuwa na adabu. Hakurudi tena na tiketi.

Wewe umesahau siku hiyo. Kwako ilikuwa Alhamisi.

Sasa nakaa kwenye kiti. Kiti, Odelia, kama mtu. Nakanyaga pedali kwa mguu wangu, nasimamisha nikitaka kusimamisha, nasoma gazeti ingawa herufi zinaruka. Nina miaka ishirini na mitatu na ndiyo mara ya kwanza nimetoa makohozi yangu bila mtu kunishika. Nikimaliza nafunga kikombe, namwaga, naosha. Hakuna anayechungulia. Najua nyumba nzima inaona ni jambo dogo. Kwangu si dogo.

Na wewe unataka kuniondolea hili kwa ajili ya neno moja kwenye karatasi, kwa sababu litakuharibia sifa. Kwa nani? Kwa karani mmoja mjini ambaye hajawahi kukuona? Nimewaza sana juu yako tangu barua yako ifike, na nitakuambia nilichofikia. Unaogopa. Wewe bila makohozi yangu ni nani? Leonard hakukuacha kwa sababu yangu. Alikuacha kwa sababu kila alipokushika mkono ulikuwa unatazama saa. Ungeweza kuondoka mwaka wowote. Ulipenda kuhitajika.

Mama alinipiga vizuri tu alipoweza. Hilo liache.

Tia saini. Tarehe kumi na mbili Aprili haisubiri hasira zako ziishe.

Leander


Red Wing
15 Februari 1993

Leander,

Karatasi yako hii hapa, haina saini.

Umeuliza mimi ni nani bila makohozi yako. Wiki iliyopita Bw. Halvorsen, mwalimu wetu, alitupa kila mtu ubao wa msonobari wa kutengenezea tumbo la fidla. Unaugonga kwa kidole huku umetega sikio, ili ujue wapi ni mnene mno, wapi uendelee kuchonga. Vijana wote wa darasa ni wadogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, na wana masikio mazuri. Walihangaika. Mimi niligonga mara tatu nikaweka alama ya kalamu, akapima, ikawa ndipo hapo hapo. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia nilijifunza kwenye mgongo wa ndugu yangu. Darasa zima likacheka, wakadhani ni mzaha. Mimi nikaenda nje nikasimama kwenye baridi.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako. Mimi ni mtu anayesikia kilichokwama ndani. Mashine yako inatikisa kila kitu kwa pamoja na haisikii chochote.

Sikusahau siku ya Marlys. Niliona masikio yako yalivyokuwa mekundu. Nilimaliza kukupiga kwa sababu ulikuwa na homa na lazima yatoke. Ningefanya tena.

Nimewaandikia bima mwenyewe, Ijumaa. Nimewaambia kweli: sijawahi kukataa, niko masomoni, narudi Juni, na nitaendelea kama zamani. Sitaki kutajwa mahali popote, kwenye faili lolote, kama dada aliyemtupa ndugu yake.

Odelia


Red Wing
8 Machi 1993

Leander,

Wiki tatu hujajibu. Sawa, nuna. Lakini nilipiga simu Jumapili na Baba akapokea, akasema hali ya hewa ni nzuri, akakata. Baba hajawahi kuniambia hali ya hewa ni nzuri.

Nijibu mstari mmoja. Rangi gani?

O.


Shambani
24 Machi 1993

Odelia mwanangu,

Samahani kwa mwandiko. Nimeifunga kalamu kwa kitambaa ili vidole vipate pa kushika, na nitaandika mpaka vikatae.

Mashine ilichukuliwa Jumanne ya tarehe kumi na sita. Dereva alikuja na barua. Imeandikwa kwamba, kwa mujibu wa maelezo ya dada wa mgonjwa, huduma ya mikono ipo na itaendelea, kwa hiyo majaribio yamesitishwa. Leander alikifungua kizibao mwenyewe, akakikunja, akamkabidhi dereva. Nilimwambia nijaribu mimi. Alinitazama mikono akatoka nje. Kesho yake Baba yako alinawa mpaka kwenye viwiko, kama anavyofanya ng'ombe akizaa kwa shida, akaenda kusimama mlangoni pa sebule. Hajamgusa mtoto huyu tangu alipoanza shule. Leander akamwambia rudi kwa ng'ombe zako. Akarudi. Siku ya nne Leander alikuwa anapumua kwa mabega. Tumempeleka hospitali Minneapolis, yuko kwenye dawa za mshipa, na watu wa pale wanampiga mgongo mara nne kwa siku, atake asitake.

Nimewakasirikia nyote wawili. Wewe na kweli yako, yeye na kiburi chake. Mnafanana mpaka nashikwa na kichefuchefu. Lakini nikifika kwenye kukasirika nakutana na mimi mwenyewe, kwa hiyo nitasema.

Kuanzia Septemba mpaka mashine ilipokuja hakuna aliyempiga. Mimi nilijaribu siku mbili nikalia kwa maumivu. Alinikataza kukuambia. Alisema ukijua utaacha chuo na kurudi, na yeye bora akohoe damu. Alipungua kilo sita. Mashine ndiyo ilimrudisha.

Sasa la pili, na hili ndilo limeniweka mezani asubuhi nzima.

Mwezi wa nane Leander alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa ili aambatanishe kwenye fomu nyingine ya bima. Kwenye droo yangu, chini ya karatasi za ubatizo, aliikuta barua. Ilitoka chuo cha fidla, imeandikwa jina lako, ya mwezi wa sita mwaka 1982. Walikuwa wamekukubali. Nilikuambia hawakujibu. Walijibu, Odelia. Nilifungua, nikasoma, nikaweka chini ya vyeti vya ubatizo, nikaenda kuwasha oveni. Leander alikuwa na miaka kumi na miwili na ametoka hospitali mara mbili mwaka ule. Mikono yangu ilikuwa imekwisha. Nilijiuliza nani atampiga, na jibu lilikuwa wewe tu.

Aliponionyesha aliyoikuta sikuweza kukanusha. Alishikilia nimwambie ni kwa nini. Nikamwambia ni kwa ajili yake. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nilimlilia asikuambie. Aliniahidi. Kesho yake asubuhi ndipo aliporuka kutoka kwenye kochi na kukufukuza. Namba ile ya simu aliitoa kwenye barua ile.

Njoo, au usije. Sijui nakuomba nini.

Mama


Red Wing
27 Machi 1993

Mama,

Nimesoma. Niliyosema baada ya kusoma sitayaandika, kwa sababu wewe ni mama yangu na haya maneno yangebaki kwenye karatasi.

Kiangazi kile cha 1982 nilikuwa nakwenda kwenye sanduku la barua kila siku kabla gari la posta halijafika. Nilikuwa nasimama barabarani kwenye jua. Wewe ulikuwa dirishani unaosha vyombo. Nikirudi mikono mitupu ulikuwa unaniambia, labda kesho. Uliniambia hivyo mpaka mahindi yakavunwa, Mama. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Kuificha ningeelewa, siku moja. Lakini "labda kesho"?

Miaka kumi na mmoja nimejiona mtu asiyefaa. Nilidhani waliitazama kazi yangu, ule mkono wa fidla niliochonga na kuwapelekea, wakaona hata kujibu si lazima. Nilimpiga Leander mgongo kila siku nikijiambia basi, hiki ndicho ninachokiweza.

Usiniombe msamaha kwa posta. Na barua ile usiichome. Iweke hapo hapo ilipo. Nitakuja siku nitakayoamua mimi, na utanikabidhi kwa mkono wako, tukiwa tumesimama kwenye sanduku la barua.

Leander asiambiwe kwamba nimelia.

Odelia


Red Wing
27 Machi 1993

Kwa Idara ya Vifaa vya Wagonjwa,

YAH: KUKATAA KUMHUDUMIA NDUGU YANGU, LEANDER TERHAAR

Mwezi uliopita niliwaandikia kwamba sijawahi kukataa. Ilikuwa kweli siku ile. Tafadhali itoeni barua hiyo kwenye faili na muweke hii.

Mimi, Odelia Terhaar, nakataa.

Sisemi siwezi. Naweza. Ninaandika barua hii kwa kiganja kinachojua kila ubavu wa ndugu yangu, na mkimleta hapa mkiwa mmenifunga macho na kumnyamazisha yeye, nitawaambia kwa kugonga mgongo wake ni wapi pamekwama. Sisemi nina shule, ingawa ninayo. Sisemi nimechoka, ingawa nilichoka nikiwa na miaka kumi na mitano. Ninakataa, kama mtu anavyokataa kitu ambacho angeweza kukifanya.

Mlimwuliza ndugu yangu nani anamhudumia, akawajibu kweli, kwa mwandiko mzuri. Mkaichukua sifa yake kwangu mkaifanya sababu ya kumnyima. Kisha mimi nikawaandikia kweli, nanyi mkatuma dereva. Mmetufundisha sote wawili kwamba ndani ya nyumba yenye mgonjwa, mtu anayependa ni kifaa ambacho nyinyi hamkilipii. Nakataa kuwa kifaa chenu cha bure.

Nakataa pia kwa ajili yake. Ana miaka ishirini na mitatu na anataka kukaa kwenye kiti. Mimi nilimlaza kichwa chini kwa miaka kumi na minane kwa sababu haikuwapo njia nyingine. Sasa ipo. Nikiendelea kumlaza sitakuwa namhudumia tena, nitakuwa nimemshikilia.

Mtauliza kama nitabadili uamuzi huu. Akinililia, nitakataa. Mama yangu akinililia, nitakataa. Hata akiwa mahututi na mashine yenu iko ghalani kwenu, nitasimama pembeni ya kitanda mikono mfukoni na kumtajia jina lenu kila atakayeuliza kwa nini. Afadhali mniamini.

Nimetia saini mbele ya mwalimu wangu na wanafunzi sita wenzangu, ambao wote wametia saini zao hapa chini kama mashahidi. Safari hii hawakucheka.

Odelia Terhaar

Nakala: Bi. Quist, kliniki ya mapafu


Shambani
22 Aprili 1993

Dada,

Mashine ilirudi jana, na bima wamekubali kuilipia. Dereva ni yule yule na safari hii aliingia na kofia mkononi. Baba alimzuia kugusa sanduku. Alilibeba mwenyewe kutoka garini mpaka sebuleni, na mgongo wake ule, akaliweka pembeni ya kiti, akarudi akaleta mipira, akasimama anaitazama. Akasema trekta ya babu haikuwa na mipira. Naona ndiyo ilikuwa hotuba.

Bi. Quist amenipa nakala ya barua yako. Niliisoma hospitalini, nikakasirika siku nzima, nesi akadhani ni dawa. Nilikuomba uongo wa mistari miwili. Ulitakiwa uandike jina tu. Badala yake umenipa kweli, na imejaa ukurasa mzima. Niliposoma "akinililia, nitakataa" nilijua unasema kweli, kwa sababu nakujua. Miezi mitatu nimekupigia kelele useme neno hilo. Umelisema na sijalala vizuri tangu siku ile. Sikuombi ulirudishe.

Mama amekiri kwangu kwamba amekuambia kuhusu droo. Kwa hiyo nami niseme. Mwezi wa nane sikuwa na njia nyingine. Ningekuambia kwa wema ungebaki, ukakunja mikono, ukasema sasa hivi si wakati wake. Ilibidi uchukie. Nilifanya mazoezi ya maneno yale zizini, mbele ya ng'ombe. Lakini nitakuwa mwongo nikisema yote yalikuwa mchezo. Nilikuwa nataka kweli uniondolee mikono yako. Mambo yote mawili yalikuwa kweli na bado nimekukasirikia kwa yote mawili.

Yale ya Leonard niliyoandika nayafuta. Yeye ndiye alikuwa na saa mkononi, nakumbuka.

Mama anakwenda kwenye sanduku la barua kila siku kabla ya gari la posta. Anasimama tu kule. Sijamwambia arudi ndani, na wewe usimwandikie haraka. Mwache asimame kidogo.

Leo asubuhi nimefanya peke yangu. Nikavaa, nikafunga vifungo, nikakanyaga, nikatikisika dakika kumi, nikasimamisha, nikakohoa kwenye kikombe. Kisha nikakaa na kikombe mkononi. Ng'ombe walikuwa wameshatoka, Mama yuko barabarani, nyumba haina sauti. Nilikaa pale kwa muda mrefu kabla sijaelewa nilikuwa nasubiri nini.

Ni njano, Odelia. Njano hafifu, haina damu.

Leander